TV Mpya, Gemu ya Zamani: Kabla Mama Hujafungua Mkoba

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika nyumba nyingi za Tabora, kuanzia Ng'ambo na Isevya hadi Ipuli, TV ya chogo imeondoka sebuleni na TV bapa imekaa mahali pake. Kitambaa cha kufuma kilichokuwa kikiifunika ile ya zamani kimehamia kwenye meza. Lakini iko siku baba wa nyumba atapanda juu ya stuli, ashushe boksi lililokaa juu ya kabati miaka mingi, apanguse vumbi na kutoa humo mashine ya gemu aliyoicheza ujanani. Atachomeka waya, watoto watakaa mkekani, na picha itakayotokea itakuwa mbaya: ina ukungu, imetanuka, tena inachezacheza.

Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja atasema mashine imekufa. Mwingine atasema TV mpya ni feki. Wa tatu atasema dawa ni kununua mashine nyingine. Kisha wote watamtazama mama, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kilichobaki mkobani.

Makala hii inakusudia kukusaidia, mama mpendwa, kabla hujaufungua mkoba huo. Mara nyingi hakuna kilichokufa. Mashine ile na TV ile zilizaliwa nyakati mbili tofauti, na kazi iliyopo ni kuzipatanisha. Sehemu kubwa ya upatanisho huo haigharimu hata senti moja.

KWA NINI JAMBO HILI LIMHUSU MAMA

Huenda unajiambia kwamba mambo ya gemu ni ya watoto na baba yao. Hebu tutazame fedha za nyumba na muda wa mtoto, maana hivyo viwili kila siku hupita mikononi mwa mama.

Mtoto asiyecheza nyumbani huenda kucheza kibandani. Vibanda vya gemu vimo katika mitaa mingi ya miji yetu: TV mbili tatu, mabenchi, pazia mlangoni la kuzuia mwanga, na mtoto hulipia kila mechi. Si kila kibanda ni kibaya, na wenye vibanda wengi ni watu wanaojitafutia riziki kwa halali. Lakini humo mtoto wa miaka kumi huweza kukaa benchi moja na kijana wa miaka ishirini na mitano, mechi nyingine huwekewa dau, na mama hajui mtoto aliingia saa ngapi wala alilipa kwa fedha ya nani.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza vitenge, mkazi wa Isevya. Zamu yake ya upatu ilipofika alinunua TV bapa ya inchi 32. Mumewe ni dereva wa lori la njia ya Kigoma, mtu wa kuonekana nyumbani siku chache kwa mwezi. Siku moja ya mapumziko akaitoa PlayStation 2 yake ya zamani ili acheze mpira na mwanawe wa darasa la tano. Picha ikatokea: wachezaji wafupi wanene kama magunia ya mpunga, mpira umekuwa yai, namba za jezi hazisomeki. Mtoto akabonyeza kupiga, mchezaji akapiga baada ya mpira kupita. Mtoto akacheka kwa adabu, akacheza mechi moja kumridhisha baba yake, kisha akaaga kwamba anakwenda kwa rafiki. Baba alijua anakokwenda. Mama alijua zaidi, kwa sababu chenji ya sukari ilikuwa pungufu tangu Jumatatu.

Picha mbovu ilimpeleka mtoto kibandani ikamwacha baba peke yake mkekani, naye keshokutwa yuko safarini tena. Kwa mama huyo, basi, kuitengeneza picha ile halikuwa jambo la mchezo.

ILE YA CHOGO HUCHORA, HII BAPA HUPANGA

Ili ujue cha kufanya, ni vyema kwanza ujue kinachotokea. TV ya chogo ni chupa kubwa ya kioo. Nyuma, ndani ya kile chogo, kuna kifaa kinachorusha mwali wa elektroni kuelekea kwenye kioo cha mbele. Mwali huo huchora picha mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, juu hadi chini, kama mtu anayepaka ukuta chokaa kwa brashi. Katika mfumo wa PAL uliotumika kwetu, picha nzima ilikuwa na mistari 625, na kati ya hiyo 576 ndiyo iliyobeba picha yenyewe. Mwali ulichora kwanza mistari ya witiri, kisha ukarudi kuchora ya shufwa, mara 50 kwa sekunde, na jicho likaona picha moja iliyotulia.

Watengenezaji wa mashine za gemu waliitumia hali hiyo kwa werevu. Mashine ya Famicom ya kampuni ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, haikutuma mistari yote. Ilituma 240 tu, ikairudia mahali palepale kila mara. Zile mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom, zenye kaseti zilizoandikwa kwamba zina michezo maelfu kumbe ni michache inayojirudia, zilifanya vivyo hivyo. Hata PlayStation ya kwanza, ya mwaka 1994, ilifuata njia hiyo katika michezo mingi. Kati ya mstari na mstari pakabaki ufa mwembamba mweusi, na mwanga wa kioo ukalainisha kingo za kila kitu. Wachoraji wa michezo walichora wakijua kwamba kioo kitawasaidia.

TV bapa haichori. Kioo chake kimejaa nukta ndogo zisizohama, zilizopangwa safu kwa safu kama shanga zilizotungwa. TV ya Full HD ina safu 1080, kila safu nukta 1920. Ya 4K ina safu 2160 za nukta 3840. Nyingi za inchi 32 zina safu 768 tu. Sasa ikiletewa picha ya mistari 240, TV haina budi kuikuza hadi ijaze kioo. Kwenye Full HD kila mstari unapaswa kugeuka minne na nusu. Nusu ya safu haipo, kwa hiyo TV hukisia, ikichanganya rangi ya mstari huu na ya jirani yake. Ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi mchache ili utoshe wageni: sufuria linajaa, ladha inapungua.

Kuna kosa jingine ambalo TV bapa nyingi hulifanya. Zinapoona mistari 240 hudhani ni nusu ya picha, kama ilivyokuwa kwenye matangazo ya zamani, zikasubiri nusu ya pili na kuzishona pamoja. Hapo ndipo kingo huota meno kama msumeno, na vitu vinavyomwekamweka hupotea kabisa. Hesabu zote hizo pia huchukua muda. Ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini mchezaji huihisi: kidole kimeshabonyeza, kioo bado hakijajibu.

MZIGO UNAPOBADILISHA MPAGAZI

Sisi wa Tabora hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa jambo hili. Katika karne ya 19 mji wetu ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Hapa njia iligawanyika, moja ikaelekea magharibi Ujiji, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kama frasila mbili kila mtu, yaani kilo 32 hivi: nguo, shanga na nyaya za shaba kutoka pwani, pembe za ndovu kwenda pwani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na safari ya miezi ikawa ya siku. Lakini kabla ya hapo, mizigo mingi ilifunguliwa hapahapa, ikahesabiwa, ikafungwa upya na kukabidhiwa wapagazi wengine kwa safari ya mbele. Mzigo uliofungwa ovyo ulimwaga shanga njiani.

Picha inayotoka kwenye mashine ya gemu nayo ni mzigo. Kila inapofunguliwa na kufungwa upya, kitu hupotea. Kwa hiyo kanuni ni mbili tu: vituo viwe vichache, na mzigo utoke nyumbani umefungwa vizuri.

Waya wa njano unaoambatana na mwekundu na mweupe unaujua vizuri. Ndio ule wa king'amuzi. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Tabora ikafuata mwaka 2014, na kila mwenye TV ya chogo akajifunza kuchomeka waya hizo tatu ili asione chenga. Mwekundu na mweupe hubeba sauti. Wa njano hubeba picha yote peke yake: mwanga na rangi zimesongwa katika gunia moja. Zikifika, TV hujaribu kuzitenganisha, na kamwe hazitengani sawasawa. Ndiyo sababu maandishi mekundu huonekana kama yamelowa.

Upo waya mwingine wenye pini tano. Kijani, buluu na nyekundu ni za picha, na nyekundu nyingine na nyeupe ni za sauti. Huu ni kama wapagazi watatu waliogawana mzigo mmoja, kila mmoja na chake. Picha yake ni safi kuliko ya njano, na tofauti hata bibi asiye na miwani ataiona.

ANZA NA YASIYOGHARIMU

Chukua rimoti ya TV, si mkoba. Fanya mambo haya moja baada ya jingine, mashine ikiwa imewashwa.

1. Rudisha umbo la picha. Gemu za zamani zilitengenezwa kwa kioo chenye upana wa 4 kwa urefu wa 3. TV bapa ina 16 kwa 9, na usipoikataza huivuta picha pande zote mbili kama mtu anayevuta kitenge kilicholowa. Katika mipangilio ya picha tafuta palipoandikwa 4:3, uchague hapo. Kushoto na kulia patabaki weusi. Watoto watanung'unika kwamba kioo hakikujaa. Waonyeshe mpira: sasa ni duara.

2. Washa hali ya gemu. Kwenye orodha ile inayokuwa na picha za sinema na za kawaida, TV nyingi zina neno Game. Ukilichagua, TV huacha sehemu kubwa ya urembo wake na kujibu upesi. Kwa wengi hili pekee huondoa ule uchelewaji uliomkatisha tamaa mtoto.

3. Punguza ukali. Palipoandikwa Sharpness pamewekwa juu ili TV ing'ae dukani. Kwa picha ya zamani ukali huo huchora ukingo mweupe kuzunguka kila kitu. Shusha taratibu hadi ukingo huo utoweke. Zima pia vitu vinavyodai kulainisha mwendo au kuondoa chenga, maana hivyo huongeza uchelewaji.

4. Picha ikiwa nyeusi na nyeupe, usiseme mashine imeharibika. Huenda mashine ilitengenezwa kwa mfumo wa NTSC wa Japani na Marekani ilhali TV imefungwa kwenye PAL; weka mfumo wa rangi kwenye Auto. Au huenda umechomeka njano kwenye tundu la kijani, na TV inadhani imeletewa ule waya wa pini tano. TV nyingi mpya hutumia tundu moja kwa kazi zote mbili, na pembeni yake huandikwa AV. Badilisha chaguo la chanzo cha picha kwa rimoti.

5. Safisha miguso. Vumbi la Tabora wakati wa kiangazi halibishi hodi. Chovya kijiti cha pamba katika spiriti, pangusa pini za waya na meno ya kaseti, acha vikauke kabisa. Ule mtindo wa kupuliza kaseti kwa mdomo uachwe, kwa kuwa pumzi ina unyevu na unyevu huleta kutu.

Baada ya hatua hizi tano nyumba nyingi zitaridhika. Ikiwa yenu imo, funga makala hapa ukaendelee na shughuli zako.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Yule mama wa Isevya alifanya hayo yote. Mpira ukawa duara na mchezaji akapiga kwa wakati, lakini namba za jezi bado zilikuwa ukungu. Alipopita dukani akaambiwa anunue konvata, yaani kiboksi cha kugeuza picha ya waya wa njano iingie kwenye tundu la HDMI. Hakununua. Alikwenda kwanza kwa fundi wa TV, mzee wa makamo mwenye karakana ndogo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umetuletea nini?"

"TV mpya haipatani na gemu ya baba watoto. Dukani wameniambia dawa yake ni konvata."

"Gemu gani?"

"PlayStation 2."

"Na TV yako, nyuma ina matundu ya kijani, buluu na nyekundu?"

"Sijaangalia, fundi. Mimi natumia lile la njano tu."

"Basi nenda kaangalie. Yapige picha kwa simu uniletee. Kiatu hakinunuliwi bila kupima mguu."

Matundu yalikuwepo. Fundi alimwagiza waya wa pini tano unaofaa PlayStation 2. Walipouchomeka, rangi zilitoka za ajabu, lakini mzee aliwaeleza mapema: iwashwe mashine bila diski, waingie palipoandikwa System Configuration, na kwenye chaguo la Component Video Out waondoe RGB waweke lile jingine lenye herufi Y. Jezi zikasomeka. Hakuna konvata iliyonunuliwa.

Kutokana na kisa hicho, shika mambo yafuatayo kabla ya kununua chochote.

Tazama nyuma ya TV kwanza. Kama ina matundu ya rangi tatu, PlayStation 2 itafaidika, na mashine hiyo ndiyo iliyoenea kuliko zote: iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani tangu mwaka 2000. PlayStation ya kwanza na mashine za kaseti hazitoi picha kwa waya huo, kwa hiyo usizinunulie.

Kama TV yako ina kitundu kimoja chembamba mfano wa kile cha spika za masikioni, hicho ndicho cha AV. Tumia waya uliokuja ndani ya boksi la TV. Waya za namna hiyo hufanana sana kwa nje, lakini mpangilio wa ndani hutofautiana, na ule usio wake hutoa picha sauti inapopaswa kuwa.

Kama TV ina HDMI pekee, hapo konvata ni lazima. Soma maandishi juu ya kiboksi. AV2HDMI hupeleka picha ya mashine ya zamani kwenye TV mpya, nacho ndicho unachokihitaji. HDMI2AV hufanya kinyume chake. Vyote viwili hufanana kama mapacha, na wengi wamerudi nyumbani na pacha asiye wao. Konvata huhitaji umeme wake kupitia waya mdogo wa USB, hivyo hakikisha waya huo umo. Na usitarajie miujiza: konvata ya bei nafuu hupokea gunia lilelile la njano, nyingi huitanua picha bila kukuuliza, ndipo ukarudi kwenye rimoti kuchagua 4:3. Muuzaji akubali uijaribu kabla ya kulipa, au akubali uirudishe.

Kwa PlayStation 2 kuna kiboksi kidogo kinachochomekwa moja kwa moja nyuma ya mashine na kutoa HDMI. Hiki hupokea picha ya rangi tatu, kwa hiyo hushinda konvata ya njano. Baadhi ya TV, hata hivyo, hukataa picha yake hasa kwa diski za PlayStation ya kwanza. Nacho pia kijaribiwe kwanza.

Viko vifaa vya hali ya juu, kama RetroTINK na OSSC, vilivyobuniwa na wapenzi wa gemu za zamani kwa kazi hii tu. Hivyo huielewa ile mistari 240 na kuikuza kwa usahihi. Ni vizuri kweli, lakini bei yake ni ya mtu mwenye shauku kubwa na fedha ya akiba. Nyumba yenye ada za shule inaweza kukaa bila hivyo. Na kama kuna ndugu mwenye PlayStation 3, ujue kwamba nayo huchezesha diski za PlayStation ya kwanza na ina tundu la HDMI. Kuazima si aibu.

JE, TV YA CHOGO ITUPWE?

Wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, walikuwa wameona mengi. Kwa mashine za kaseti hakuna kioo kinachozifaa kuliko kile kilichotengenezwa enzi zao. Kama TV ya chogo ingali nzima na ina mahali pa kukaa, haihitaji konvata wala mipangilio.

Kuna gemu moja ambayo bila hiyo haichezeki kabisa, nayo ni ile ya bunduki ya kupigia bata. Mtoto anapofyatua, kioo huwa cheusi kwa kitambo kidogo mno, kisha kiboksi cheupe hutokea mahali alipo bata. Jicho lililo kwenye mdomo wa bunduki likiona mwanga huo kwa wakati wake, bata anaanguka. Kwenye TV bapa mwanga huo huchelewa kufika, na bata huenda zake hata bunduki ikigusa kioo. Usimgombeze mtoto kwamba hajui kulenga.

Hata hivyo TV ya chogo ina hatari zake. Uzito wake wote uko mbele, kwenye kioo, hivyo huanguka upesi mtoto akiivuta au akipanda meza. Iwekwe chini, juu ya kitu kipana na imara, mbali na ukingo. Mtu asiye fundi asiifungue, kwa maana ndani huweza kubaki umeme mkali wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Ikifa, isivunjwe uani na watoto: kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

UMEME NA RADI

Mashine nyingi za zamani hutufikia zikiwa mitumba, nyingine kutoka Japani. Umeme wa Japani ni wa volti 100, wetu ni 230. Kabla ya kuchomeka chochote, geuza mashine usome kibandiko chake. Kama pameandikwa 100V, ukiichomeka ukutani moja kwa moja itaungua papo hapo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Kwa mashine za kaseti zinazotumia adapta, volti za adapta na mpangilio wa chanya na hasi vilingane na vilivyoandikwa kwenye mashine. Kuingia kwenye tundu pekee si uthibitisho.

Masika yetu huja na ngurumo. Mawingu yakikusanyika, chomoa TV, mashine na waya wa antena. Umeme ukikatika katikati ya mchezo, chomoa vilevile, usubiri urudi na utulie.

SHERIA ZA NYUMBA

Picha ikishakuwa nzuri, kazi ya mama haijaisha. Gemu iliyo nyumbani bila utaratibu ni kibanda kilichohamia sebuleni.

Ni vyema baba na mama wakubaliane kwanza wao wenyewe, kabla ya kuwaambia watoto. Siku za shule iwe baada ya kazi za nyumbani na madaftari, kwa muda uliotajwa. Saa ya ukutani iwe mwamuzi, maana mtoto hubishana na mama lakini hawezi kubishana na mshale. Mwenye zamu akishindwa apishe mwenzake, wasichana kwa wavulana, na dada asiambiwe kwamba hiyo ni michezo ya kaka zake huku yeye akisukumwa jikoni. Wageni wadogo wakaribishwe mradi wazazi wao wanajua walipo. Na baba asiwe mtu wa kuchomeka waya na kuondoka. Akae mkekani, afungwe mabao, acheke. Mtoto aliyenyamaza wiki nzima mara nyingi husema jambo lake akiwa ameshika padi, macho yakiwa kwenye kioo, kwa sababu hakuna anayemkazia macho.

Kule Isevya, baba anaporudi kutoka Kigoma, siku hizi mlangoni huonekana jozi tano sita za ndala zisizo za nyumba hiyo. Mama analalamika kwamba maji ya kunywa yanakwisha upesi na karanga hazifiki jioni. Mtoto bado hupita kibandani mara mojamoja, kwani marafiki wengine wako huko. Lakini huaga kwa jina la kibanda, na chenji ya sukari hurudi kamili.

Basi mama, jioni hii kabla ya kukubali kwamba mashine imekufa au TV ni feki, omba rimoti. Tafuta 4:3, kisha tafuta neno Game. Ukimaliza, utazame mpira ulio katikati ya uwanja. Kama ni duara, mpe baba padi moja na mtoto nyingine, nawe uendelee na lako.